Kikombe cha bati na barabara ya mawingu: Lubumbashi hadi Bitterwasser

Nimerudi Lubumbashi wiki iliyopita na daftari langu bado linanuka samaki. Nimeyaandika haya kutoka kwenye daftari hilo na picha za simu. Pale nilipokuwa nimechoka mno kuandika, nimepita haraka.

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komine (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Kila mwaka, mwezi wa tisa na wa kumi, mwewe wanazunguka juu ya terili bila kupiga bawa hata mara moja. Ule mlima mweusi wa taka za shaba hunywa jua kuliko ardhi iliyouzunguka, hewa iliyo juu yake hupata moto na kupanda, na mwewe hupanda nayo. Nikiwafundisha watoto hilo, huwaeleza pia kuhusu watu wanaofanya kazi ya mwewe ndani ya gleda, ndege isiyo na injini. Mwaka 1964 Mmarekani Al Parker aliondoka Odessa, Texas, akatua Kimball, Nebraska, kilomita 1,041. Alikuwa wa kwanza kuvuka elfu moja, na umbali huo unakaribia kutoka hapa hadi Goma kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1972 Mjerumani Hans-Werner Grosse alitoka Lübeck akatua Biarritz, Ufaransa, kilomita 1,460, pungufu kidogo ya kutoka kwetu hadi Kinshasa. Kisha tarehe 21 Januari 2003 Klaus Ohlmann, akiwa Argentina, alisafiri kilomita 3,009 kwa siku moja akifuata milima ya Andes. Hebu fikiria: Kinshasa, na karibu safari yote ya kurudi.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeziona kwa macho yako?" Nilikuwa sijaziona. Lakini mjomba wangu huendesha lori la friji hadi Walvis Bay kufuata tomsoni, wale samaki wanaoliwa katika kila nyumba ya Lubumbashi, na njia yake hupita katikati ya Namibia, nchi ambako marubani wa gleda hukusanyika kila msimu. Nikaandika barua pepe Bitterwasser, uwanja wao mmoja huko, kuomba ruhusa ya kuja kutazama. Wakajibu: karibu.

Siku ya 1, 20 Desemba. Lubumbashi hadi Kasumbalesa

Tuliondoka mvua ikinyesha, ile ya Desemba isiyo na haraka. Kabla ya kupanda lori nilifanya kipimo cha kwanza uani kwa mama, na kwa kuwa nilikirudia njia nzima, nakieleza hapa.

Unachukua kikombe cha bati kilichosuguliwa kiking'ae, unatia maji nusu na kipimajoto ndani. Halafu unaongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti, jicho likiwa kwenye ubavu wa nje wa kikombe. Utafika wakati mng'ao unafifia, kana kwamba mtu amekipumulia. Kikombe kimeanza kutoka jasho. Soma kipimajoto papo hapo: hicho ndicho kiwango cha umande. Kitoe kwenye joto la hewa ya kivulini, zidisha kinachobaki kwa 125, na utapata takriban mita ambazo mawingu ya pamba yataanzia juu ya kichwa chako. Hewa inayopanda hupoa kwa nyuzi moja hivi kila mita mia, umande wake nao hushuka kidogo (ndiyo maana ni 125, si 100), na vikikutana, wingu linazaliwa.

Lubumbashi asubuhi ile: hewa nyuzi 24, umande nyuzi 19. Tano mara 125 ni mita 625, yaani dari ya chini kabisa. Hata mwewe hawakuonekana.

Kasumbalesa ni kilomita 90 tu, lakini tulilala kwenye foleni. Nilikula bukari (ugali wetu) na michopo (nyama choma) kando ya barabara kwa faranga 9,000. Nyuma yetu kulikuwa na madereva wawili wa Tanzania. "Shikamoo mzee," wakamwambia Mjomba, na kufikia saa nne usiku tulikuwa tukinywa chai yao ya tangawizi na kuwaeleza kikombe ni cha nini. Mmoja alikoroga mwenyewe na kusoma mwenyewe. Akasema kwao Mbeya bibi yake hutabiri mvua kwa chungu cha maji kinacholowa nje, na ni jambo lilelile.

Kwa atakayefuata: beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano na usiitenganishe na pasi. Badilisha kwacha kidogo tu mpakani, za kutosha kufika mji ulio mbele. Saa haibadiliki, Zambia na Namibia zote ziko sawa na Lubumbashi.

Siku ya 2 na ya 3. Chingola, Kabwe, Lusaka, Choma

Tulivuka saa tano asubuhi na magari yakahamia kushoto. Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia, ni kama nyumbani kwa lugha nyingine. Sina mengi ya kuandika kuhusu siku hizi mbili: lori, vituo vya ushuru, mvua, nshima na kapenta, yaani ugali na dagaa. Lusaka tuliipita usiku.

Baada ya Mazabuka na mashamba yake ya miwa, anga ilianza kupasuka. Choma, saa saba mchana: hewa 28, umande 18. Mita 1,250. Nikaona mawingu ya pamba yaliyotengana, na kati yake buluu. Mjomba, ambaye kwa miaka kumi na minne amepita hapo bila mtu wa kumuuliza kuhusu anga, akasema, "Mwalimu, kuanzia hapa mbingu inakuwa kubwa." Nimeyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Siku ya 4. Livingstone hadi Sesheke

Kilomita mia mbili hivi, na mashimo ambayo lori linayazunguka kama mlevi. Karibu na Mwandi tairi la nyuma lilipasuka. Jeki yetu ilizama kwenye mchanga. Walikuja vijana watatu na gogo, kisha mama mmoja na ndoo ya maji na maembe kwenye beseni. Walichimba, wakaweka gogo chini ya jeki, na tairi likabadilishwa kwa saa mbili na nusu. Mjomba akatoa kwacha mia mbili. Vijana wakazipokea, mama akazikataa. Akanifundisha kusema "ni itumezi", asante kwa Kilozi, na akanirekebisha mara tatu hadi ikatoka sawa.

Nilipokuwa nikingoja nilipima: 31 na 18, mita 1,625. Ndege wakubwa walikuwa wakizunguka juu ya kipande cha msitu kilichoungua. Weusi mwingine, jua lilelile.

Hapa nieleze la Ohlmann, maana Mjomba aliniuliza siku hiyo. Yeye hakutumia hewa ya moto. Upepo mkali wa magharibi ukigonga milima ya Andes huinuka, hushuka, huinuka tena upande wa pili, kama maji ya mto Kafubu yanavyofanya viwimbi visivyohama nyuma ya jiwe. Rubani anaingia mahali wimbi linapopanda na kukaa hapo, akikimbia sambamba na milima. Dalili yake ni mawingu laini yenye umbo la lenzi, yamepangana kama sahani kabatini, yasiyosogea ingawa upepo unavuma. Ni kwenye mawimbi ya aina hiyo, El Calafate, Argentina, ambako marubani Steve Fossett na Einar Enevoldson walifika mita 15,460 juu mwaka 2006, na gleda ya Perlan 2 ikapita mita 22,000 mwaka 2018. Namibia haina mawimbi ya namna hiyo. Ina joto, na ina jambo la pili nililoliona mwishoni.

Siku ya 5, mkesha wa Noeli. Katima Mulilo hadi Rundu

Tulivuka daraja la Zambezi asubuhi. Barabara ya B8 upande wa Namibia imenyooka, lami safi, na mabango ya tembo si mapambo: ndani ya hifadhi ya Bwabwata tulisimama dakika ishirini familia nzima ikivuka, mdogo akiwa wa mwisho. Usiendeshe hapo usiku. Mjomba hafanyi hivyo hata kwa mzigo wa haraka.

Rundu, saa tisa: hewa 33, umande 16. Mita 2,125. Tulilala ndani ya lori kwenye kituo cha mafuta, dola 50 za Namibia kwa bafu na mlinzi. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa moja kwa moja. Dola ya Namibia lakini usibaki nayo ukirudi, kwetu hakuna atakayeitaka.

Siku ya 6, Noeli. Mururani, Grootfontein, Okahandja

Kwenye geti la Mururani kuna uzio wa mifugo, na nyama mbichi ya kaskazini hairuhusiwi kupita. Tulikuwa na kilo mbili za mbuzi kwenye sanduku la barafu. Tukasimama kilomita kadhaa kabla ya geti, tukawasha mkaa, tukala Noeli yetu pale pale na familia moja iliyokuwa ikiuza kuni. Hawakuwa na bukari, sisi tulikuwa na unga.

Okahandja ndipo njia zetu zilipoachana: lori linakata magharibi kwenda baharini, mimi kusini. Jioni, nikiwa nimesimama na begi, mzee mwenye fimbo alisikia nikimuaga Mjomba akageuka. "Mnatoka wapi, wanangu?" Kiswahili safi, chenye lafudhi ya Tanzania. Alikuwa Kongwa, Tanzania, kwenye kambi ya SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, alipokuwa kijana miaka ya sitini. Aliniambia hajakizungumza Kiswahili na mtu kwa miaka mingi na kwamba baadhi ya maneno yanamtoka kama sarafu zilizosahaulika mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" huku amefumba macho. Nililala kwa binti yake, nikala kuku na wali, na hawakutaka kusikia habari ya malipo. Nilimpimia mzee kikombe uani: 34 na 10. Mita 3,000.

Siku ya 7, 26 Desemba. Windhoek hadi Kalkrand

Angalizo kubwa: 26 Desemba ni sikukuu Namibia, Siku ya Familia. Kombi za kusini hazijai. Nilingoja Windhoek saa tano kwenye jua, nikilinda barafu yangu kama mtoto. Nauli hadi Kalkrand ilikuwa dola 180. Baada ya Rehoboth ardhi inafunguka, nyasi za dhahabu, na mawingu yako mbali sana juu. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kivuli cha wingu kinapita bondeni, na ilinibidi niinue kichwa hasa kulitafuta lenyewe.

Siku ya 8. Bitterwasser

Mfugaji wa kondoo alinipa lifti ya pikapu mashariki kwenye changarawe, saa moja na nusu ya vumbi, na akakataa pesa ya mafuta.

Bitterwasser ni uwanja wa udongo uliokauka, mviringo, mweupe na tambarare kama sinia, umezungukwa na matuta ya mchanga mwekundu. Hakuna njia ya kurukia iliyochorwa. Sinia lote ni njia. Kando yake kuna mistari ya miti ya jamii ya mitende. Anayevuka kilomita 1,000 kwa mara ya kwanza kutoka hapo hupanda mti, wenye jina lake. Nilitembea kati ya miti hiyo nikisoma majina hadi shingo ikaniuma. Iliyopandwa zamani imeshakuwa mirefu kuliko nyumba. Mingine inanifika kiunoni.

Magleda mengi huletwa kwa kontena kutoka Ulaya kabla ya msimu wa joto wa Namibia. Rubani mzee wa Kijerumani alinionyesha Nimbus 4: bawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 26.5, jembamba, jeupe, linainama kama ubua. Aliniambia ikiwa hewa imetulia, kila mita moja inayoshuka, inasonga mbele mita sitini hivi. Nikakokotoa nikiwa nimesimama: ukiwa mita 1,500 juu ya Lubumbashi, ungefika Kasumbalesa. Nilimwambia hivyo, nikamweleza foleni ya malori, na akataka nimchoree ramani mchangani.

Walikuwa wakijaza maji kwenye mabawa, mpira wa bustani ukiingia ndani ya ndege, katikati ya jangwa. Uzito huo huifanya gleda ikimbie zaidi kwa pembe ileile ya kushuka. Siku yenye hewa dhaifu ni mzigo, siku yenye hewa kali ni faida, na kabla ya kutua maji humwagwa. Kwa hiyo asubuhi rubani anaamua siku itakuwaje kabla siku haijajionyesha. Kilomita elfu moja katika saa nane au tisa za hewa inayopanda ni zaidi ya 110 kwa saa, pamoja na muda wa kuzunguka ukipanda. Ukiondoka umechelewa nusu saa, umeikosa.

Saa nane mchana nilitoa kikombe. Vijana wawili wa uwanjani na rubani mmoja wakanizunguka. Hewa nyuzi 37. Nilitia barafu: 20, 15, 10. Bati kavu. 8. Kavu. Barafu ilikuwa inakwisha. 5. Nilikisogeza kwenye mwanga, nikapitisha kidole: kikavu. Nilitia kipande cha mwisho, nikakoroga polepole, na kwenye nyuzi 3 ukungu mwembamba ukatokea karibu na kitako, upana wa ukucha. Thelathini na nne mara 125. Mita 4,250 juu ya vichwa vyetu, na uwanja wenyewe uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Huko wanavaa oksijeni.

Kisha yule mzee akanigeuza bega nitazame kaskazini-mashariki. Mawingu hayakuwa yametapakaa. Yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, tumbo jeusi na tambarare, hadi upeo wa macho. Upande mmoja wa mstari anga ilikuwa na ukungu wa maziwa, upande wa pili buluu kali. Ndilo jambo la pili nililolitaja. Hewa yenye unyevu inashuka kutoka kaskazini-mashariki, hewa kavu inatoka kusini-magharibi, upande wa Atlantiki na maji yake baridi ya Benguela. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Chini ya mstari huo rubani hahitaji kuzunguka. Anakwenda moja kwa moja, mkono umetulia, kilomita mia kadhaa. Ni barabara. Na ule unyevu wa upande mmoja wa barabara ndio niliouacha uani kwa mama, siku saba nyuma. Nimeupima ukipungua nyuzi kwa nyuzi: 19, 18, 16, 10, 3. Hewa inayotupandishia mahindi Katanga ndiyo inayowajengea hawa watu barabara, ikiwa imebaki kidogo tu, kiasi cha ukucha mmoja kwenye kikombe.

Walitua jua likizama, mmoja mmoja, bila mngurumo, hewa tu ikipiga mluzi kwenye mabawa. Msichana mmoja wa Austria aliyekuwa akitafuta kilomita zake elfu moja za kwanza alirudi na 962. Mstari ulikatika mbele yake. Mawingu yalikuwa yamekua mno na kugeuka mvua ya radi, akalazimika kugeuza. Alikuwa na chumvi ya jasho mashavuni. Hakula chakula cha jioni. Kwangu mimi uamuzi ule wa kugeuza ulikuwa mkubwa kuliko kilomita 38 zilizobaki, lakini sikumwambia, haukuwa wakati wake.

Kwa wageni: hii ni nyumba ya wageni ya marubani, si kiwanja cha umma. Andika mapema, sema unataka nini. Usikanyage sinia bila kuambiwa, na usimsemeshe rubani kabla ya kuruka.

Siku ya 9

Usiku upepo uligeuka. Niliamka kabla ya alfajiri nikajua harufu hiyo, udongo ukisubiri. Saa nne asubuhi mawingu yalikuwa ya chini, kijivu. Kwa barafu niliyoiomba jikoni: hewa 25, umande 16. Mita 1,125. Hewa ya kwetu ilikuwa imefika. Mvua ilinyesha dakika arobaini, sinia likageuka utelezi, na magleda yakabaki yamefunikwa. Yule msichana alikuja barazani, akakiomba kikombe. Alikoroga taratibu, akasoma 16, akafuta jasho la bati kwa kidole gumba na kukaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza Lubumbashi mvua huisha mwezi gani.

Siku ya 10 na kuendelea

Kurudi ni njia ileile na lori likiwa limejaa samaki. Mjomba alinichukua Okahandja tarehe 2 Januari. Mzee wa Kongwa alikuja kutuaga na mfuko wa machungwa. Pamoja na zawadi ya unga na sukari niliyoiacha kwa binti yake, nilitumia kama dola 210 za Marekani kwa safari yote, bila kuhesabu mchango wangu wa mafuta kwa Mjomba. Kasumbalesa tulilala siku mbili, mvua juu ya turubai.

Tukiwa kwenye foleni simu ilipata mtandao na ujumbe wa yule msichana ukaingia, wa tarehe 4 Januari. Mstari ulikuwa umerudi. Kilomita 1,018. Picha ilionyesha shimo dogo, ndoo, na mti usiofika gotini. Nimeichapisha kwa faranga 2,000 na kuibandika ukutani darasani, karibu na dirisha linalotazama terili.